Kuendesha databesi ya Derby kwenye seva ya watumiaji wengi: mwongozo kamili kwa msimamizi

Saa nne asubuhi, siku ya soko hapa Busia, dirisha la pili la sako, chama chetu cha akiba na mikopo, lilisimama. Mwanachama alitaka kutoa shilingi 200,000 na keshia alikuwa amekwisha kuandika kiasi, lakini kila alipobonyeza kitufe cha kuhifadhi, programu iliganda kwa dakika nzima, kisha ikatoa ujumbe wenye namba 40XL1. Dirisha la tatu likawa hivyo hivyo kwa akaunti ileile. Dirisha la kwanza lilikuwa giza tupu: umeme ulikuwa umekatika robo saa kabla, kompyuta yake ikazimika, na seva iliyokuwa kwenye UPS (betri ya dharura) haikuhisi chochote. Ilichukua muda kuelewa kwamba ile kompyuta iliyokufa ndiyo iliyokuwa bado imeshika kufuli, yaani zuio ambalo Derby huweka juu ya mstari wa jedwali hadi anayeubadilisha amalize.

Nitaeleza chini jinsi tulivyolifungua. Nimelitanguliza kwa sababu linaonyesha kazi yenyewe ilivyo. Derby ilizaliwa kukaa ndani ya programu moja na kumhudumia mtu mmoja. Ukiiweka kwenye seva ili ihudumie madirisha matano na ofisi ya meneja, unakuwa mlinzi wa mlango mmoja: mafaili ya databesi yaguswe na Java moja tu (programu moja ya Java inayokimbia), na kila mtu apitie kwake. Karibu kila tatizo nililowahi kuliona lilianza mahali mlango huo ulipozungukwa au kuachwa bila mlinzi.

Kwanza, ujue unashika nini

Derby ni databesi iliyoandikwa yote kwa Java. Ilianza kwa jina la Cloudscape, ikapita mikononi mwa Informix na IBM, na mwaka 2004 IBM ikaikabidhi kwa Apache. Wengi tulikutana nayo kwa jina la Java DB, kwa kuwa Sun, kampuni iliyounda Java, iliiweka ndani ya JDK 6, kifurushi cha Java cha waandishi wa programu. Ilikaa humo hadi JDK 8. Kuanzia JDK 9 haimo tena, kwa hiyo unaipakua peke yake.

Toleo unalochagua linategemea Java uliyo nayo. Derby 10.14.2.0 inakubali Java 8, familia ya 10.16 inataka Java 17, na 10.17.1.0 inataka Java 21. Usiangalie seva peke yake. Angalia na Java ya kompyuta za makeshia, maana draiva yao, kipande kinachoiunganisha programu na databesi, nayo ni faili la Derby.

Kuna jambo la kuambiana wazi kabla hujatumia wiki nzima kwenye kazi hii. Oktoba 2025 waendelezaji wa Derby walipiga kura kuufunga mradi. Msimbo unabaki wa kusomwa tu, na hakuna toleo jipya wala marekebisho yatakayofuata. Kama unaanza mfumo mpya leo kutoka sifuri, mimi ningekushauri uchague databesi ya PostgreSQL. Lakini kama wewe ni kama wengi wetu, umerithi programu ya sako, ya duka la dawa au ya shule iliyojengwa juu ya Derby, na fedha za watu zimo ndani, basi ni lazima iendeshwe vizuri hadi siku ya kuhama. Mwongozo huu ni wako.

Kwa nini seva, na si folda ya pamoja

Derby ina njia mbili za kufanya kazi. Katika ya kwanza, databesi inaishi ndani ya programu yenyewe, na Java iliyoifungua ndiyo mmiliki pekee. Java ya pili ikijaribu kuifungua inakataliwa kwa kosa XSDB6, linalosema kuna nyingine imekwisha kuiwasha. Katika ya pili, Java moja inawasha Derby na kusikiliza kwenye mtandao, poti 1527, kisha wengine wote wanaongea nayo kwa draiva ya mteja.

Nimeona ofisi ambako folda ya databesi iliwekwa kwenye diski ya mtandao ili kila kompyuta iifungue moja kwa moja. Usifanye hivyo hata kwa siku moja. Derby inategemea diski ya hapo hapo ikiandika kile inachosema imekiandika, na kufuli la faili kupitia mtandao haliaminiki. Ukiona mtu anafuta faili la `db.lck` ili "kulazimisha" databesi ifunguke, mzuie. Faili hilo kubaki baada ya umeme kukatika ni kawaida, na Derby inajua la kufanya nalo. Kulifuta ili Java mbili ziingie pamoja ni kuharibu data kwa mkono wako.

Kuandaa mashine

Nachukulia seva ni Linux, anwani yake ya ndani ni 192.168.1.10, na Java 17 imeshawekwa. Anza kwa kumuumba mtumiaji wa mfumo ambaye kazi yake ni Derby tu:

```
sudo useradd --system --home /var/lib/derby --shell /usr/sbin/nologin derby
sudo mkdir -p /var/lib/derby /bakapu/derby /etc/derby
sudo chown derby:derby /var/lib/derby /bakapu/derby /etc/derby
sudo chmod 700 /var/lib/derby /bakapu/derby /etc/derby
```

Fungua kifurushi cha Derby ndani ya `/opt/derby`, na ukague sahihi yake kabla ya kukiamini. Ndani ya `lib` utaona `derbyrun.jar`. Hilo ndilo nitakalotumia kwa kila amri, kwa sababu linayaita mafaili mengine lenyewe na hulazimiki kuandika njia ndefu.

Folda ya `/var/lib/derby` ndiyo nyumba ya mfumo, inayoitwa `derby.system.home`. Humo zitakaa databesi, faili la mipangilio `derby.properties`, na logi `derby.log`. Andika mipangilio ya kuanzia:

```
derby.infolog.append=true
derby.storage.pageCacheSize=10000
derby.locks.monitor=true
derby.locks.deadlockTrace=true
```

Mstari wa kwanza ni mdogo lakini usiuruke. Bila huo, Derby inafuta `derby.log` kila inapowashwa. Yaani umeme unakatika, seva inawaka tena, na ushahidi wa kilichotokea umekwenda.

Mstari wa pili ni kache ya kurasa. Kawaida ni kurasa 1000, na ukurasa wa kawaida ni baiti 4096, kwa hiyo Derby inatumia kama megabaiti 4 tu hata kwenye mashine yenye gigabaiti 8. Kurasa 10000 ni megabaiti 40 hivi. Majedwali yenye safu ndefu za maandishi au picha hutumia kurasa za kilobaiti 32, na hapo kache hiyohiyo inaweza kufika megabaiti 320, kwa hiyo mpe Java kumbukumbu ya kutosha.

Kuna mpangilio mmoja utaukuta mitandaoni ukisifiwa kwa kasi: `derby.system.durability=test`. Unafanya Derby isisubiri diski. Kwenye nchi ambayo umeme hukatika bila kuaga, huo ni mpangilio wa kupoteza akiba za watu. Usiuweke kwenye seva ya kazi.

Kuwasha mara ya kwanza, na kuweka watumiaji

Derby inapotoka kwenye kifurushi haiulizi nywila. Yeyote anayefika poti 1527 anaingia. Ndiyo maana kwa kawaida inasikiliza `localhost` peke yake, na ndiyo maana tunaweka watumiaji kabla ya kufungua mlango kwa ofisi.

Washa kwa mkono, ukiwa mtumiaji `derby`:

```
sudo -u derby java -Dderby.system.home=/var/lib/derby \
  -jar /opt/derby/lib/derbyrun.jar server start
```

Zingatia `sudo -u derby`. Ukiwasha kama root (msimamizi mkuu wa Linux) hata mara moja, mafaili yatakayozaliwa yatakuwa ya root, na kesho huduma itakataa kuifungua databesi. Ikikutokea, rudisha umiliki kwa `chown -R` na yaishe.

Kwenye terminali nyingine fungua `ij`, chombo cha Derby cha kuandikia SQL, lugha ya kuiamuru databesi:

```
java -jar /opt/derby/lib/derbyrun.jar ij
connect 'jdbc:derby://localhost:1527/sako;create=true;user=mkuu;password=NywilaNdefu';
CALL SYSCS_UTIL.SYSCS_CREATE_USER('mkuu', 'NywilaNdefu');
exit;
```

Anayeunda databesi ndiye mmiliki wake, na wa kwanza kuandikishwa lazima awe huyo mmiliki. Hapa ni `mkuu`. Nywila yake iandikwe kwenye karatasi, ifungwe kwenye bahasha, ikae kwenye sefu ya ofisi. Ikipotea, hata bakapu zako hazitafunguka, kwa kuwa masharti ya kuingia yanasafiri pamoja na databesi.

Izime seva kwa `server shutdown`, kisha ongeza kwenye `derby.properties`:

```
derby.authentication.provider=NATIVE:sako:LOCAL
derby.authentication.native.passwordLifetimeMillis=7776000000
```

Mstari wa kwanza unawasha ulinzi mzima: kuingia kwa nywila, na ruhusa za SQL juu ya kila jedwali. Mstari wa pili unahitaji maelezo, maana umewahi kuniamsha mapema Jumatatu. Kwa kawaida nywila za Derby zinaisha baada ya siku 31. Ukiandikisha makeshia wote siku moja, wote watafungiwa nje siku moja, asubuhi, wanachama wakiwa mlangoni. Namba niliyoandika ni siku 90 kwa milisekunde. Ukiweka 0 haziishi kamwe. Mimi naziacha ziishe, ila naandikisha watu siku tofauti na naweka tarehe kwenye kalenda ya ofisi. Mmiliki yeye haishiwi. Keshia anayejua nywila yake anabadilisha kwa `SYSCS_MODIFY_PASSWORD`, na aliyesahau anawekewa nyingine na mmiliki:

```
CALL SYSCS_UTIL.SYSCS_RESET_PASSWORD('k02', 'nywilaMpya');
```

Kila mtu awe na jina lake. Jina moja la "keshia" linalotumiwa na watu wanne litakuumiza siku fedha zikikosa hesabu, maana hutajua mkono upi uliandika. Na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya Uganda ya 2019 inakutaka ulinde taarifa za wanachama. Kujua nani aliingia ni sehemu ya kulinda.

Ruhusa zitolewe kwa jukumu, si kwa mtu mmoja mmoja. Washa seva tena, ingia kama `mkuu`, na majedwali ya programu yakiwa yamekwisha kuundwa, andika:

```
CREATE ROLE keshia;
GRANT SELECT ON sako.wanachama TO keshia;
GRANT SELECT, INSERT ON sako.miamala TO keshia;
GRANT SELECT, UPDATE (salio) ON sako.akaunti TO keshia;
CALL SYSCS_UTIL.SYSCS_CREATE_USER('k02', 'nywilaYaMuda');
GRANT keshia TO k02;
```

Ona kwamba keshia anaongeza miamala lakini hawezi kuifuta. Makosa yanasahihishwa kwa muamala wa kurekebisha, kama kwenye daftari la karatasi. Na kumbuka: kumpa mtu jukumu hakumvishi jukumu. Programu lazima iseme `SET ROLE keshia` kila inapounganika, la sivyo atakuta milango yote imefungwa na wewe utadhani amri ya GRANT haikufanya kazi.

Kuifanya iwe huduma

Andika `/etc/systemd/system/derby.service`:

```
[Unit]
Description=Derby ya sako
After=network-online.target
Wants=network-online.target

[Service]
User=derby
Group=derby
WorkingDirectory=/var/lib/derby
ExecStart=/usr/bin/java -Xmx1g -Dderby.system.home=/var/lib/derby -jar /opt/derby/lib/derbyrun.jar server start -h 192.168.1.10 -p 1527
ExecStop=/usr/local/bin/zima-derby
TimeoutStopSec=120
SuccessExitStatus=143
Restart=on-failure

[Install]
WantedBy=multi-user.target
```

Hati ya `zima-derby` ina kazi moja, kuizima kwa heshima:

```
#!/bin/sh
NYWILA=$(cat /etc/derby/nywila)
exec java -jar /opt/derby/lib/derbyrun.jar server shutdown \
  -h 192.168.1.10 -user mkuu -password "$NYWILA"
```

Faili la `/etc/derby/nywila` liwe la mtumiaji `derby` na lisomwe naye tu, kwa `chmod 600`. Amri za usimamizi kama hii zinakubaliwa zikitoka kwenye seva yenyewe tu, kwa hiyo usihangaike kuizima ukiwa kwenye kompyuta ya meza.

Je, ikizimika vibaya? Derby inaandika kila badiliko kwenye folda ya `log` iliyo ndani ya databesi kabla ya kuligusa jedwali. Ikiwaka tena inaisoma logi hiyo, inakamilisha miamala iliyothibitishwa na kuifuta iliyoachwa njiani. Haihitaji msaada wako. Inahitaji usiyaguse mafaili yake. Ndani ya `log` na `seg0` kuna faili linaloitwa `README_DO_NOT_TOUCH_FILES.txt`, na jina hilo ni amri. Kuna mtu aliona folda ya `log` imejaa, akadhani ni takataka za kila siku, akaifuta. Databesi haikuwaka tena.

Fungua poti kwa mtandao wa ofisi peke yake, na ujaribu kama seva inaitika:

```
sudo ufw allow from 192.168.1.0/24 to any port 1527 proto tcp
java -jar /opt/derby/lib/derbyrun.jar server ping -h 192.168.1.10
```

Kwa kuwa hakuna tena anayerekebisha matundu ya Derby, poti hii isionekane kamwe kwenye intaneti. Tawi la Tororo likitaka kuingia, lipitie VPN, njia ya faragha juu ya intaneti.

Na hata ndani ya ofisi, nywila husafiri wazi kwenye waya isipokuwa ukiwasha SSL, inayoficha mawasiliano kwa msimbo. Kama makeshia wanatumia Wi-Fi ileile wanayopewa wageni, usisubiri. Tengeneza ufunguo kwa `keytool`, mpe Java ya seva `-Djavax.net.ssl.keyStore` na `-Djavax.net.ssl.keyStorePassword`, ongeza `-ssl basic` mwishoni mwa `start`, na kwenye anwani ya kila programu weka `;ssl=basic`. Hati ya kuzima na amri ya `ping` nazo zinataka `-ssl basic`, jambo ambalo husahaulika hadi siku ya kuzima. Kiwango hiki kinaficha mazungumzo, lakini hakithibitishi kwamba seva ndiyo yenyewe. Ukitaka na hilo, kipo cha `peerAuthentication`, chenye kazi zaidi ya vyeti.

Kufuli, na ile kompyuta iliyokufa

Rudi sasa kwenye dirisha la pili. Keshia wa dirisha la kwanza alikuwa amefungua akaunti ya mwanachama, programu ikabadilisha salio, na kabla ya kuthibitisha muamala umeme ukaondoka. Derby ilishika kufuli juu ya mstari ule ikisubiri neno la mwisho kutoka kwa kompyuta ambayo haipo. Kwa kawaida mwingine anayetaka mstari huo husubiri sekunde 60, kisha hukatwa kwa 40XL1.

Ukiwa kama `mkuu`, haya ndiyo macho yako:

```
SELECT t.username, l.tablename, l.lockname, l.mode, l.state, t.sql_text
FROM SYSCS_DIAG.LOCK_TABLE l
JOIN SYSCS_DIAG.TRANSACTION_TABLE t ON l.xid = t.xid;
```

Safu ya `state` ikisema GRANT, huyo ameshika. Ikisema WAIT, huyo anangoja. Siku ile tuliona `K01` ana GRANT yenye `X` juu ya AKAUNTI, na wawili chini yake wanangoja. K01 mwenyewe alikuwa amesimama nyuma yangu, mikono mitupu, kompyuta yake imezima.

Kwa nini seva haikujua? Kompyuta inayozimwa vizuri huaga, na Derby hufuta muamala wake papo hapo. Inayokatika umeme haiagi. Seva inategemea Linux iulize kama upande wa pili bado uko hai, na Linux kwa kawaida haiulizi mpaka saa mbili nzima za ukimya zipite. Derby haina amri ya kumfukuza mtumiaji mmoja, kwa hiyo siku ile ilibidi niwaombe wote wafunge, nikaizima na kuiwasha seva, dakika tatu. Muamala uliokatika ulifutwa, salio likarudi lilivyokuwa, na mwanachama akapata fedha zake.

Dawa ya kudumu ni mistari mitatu ndani ya `/etc/sysctl.d/60-derby.conf`:

```
net.ipv4.tcp_keepalive_time = 120
net.ipv4.tcp_keepalive_intvl = 15
net.ipv4.tcp_keepalive_probes = 4
```

Soma upya kwa `sudo sysctl --system`, kisha washa Derby tena. Sasa kompyuta iliyokufa inagundulika ndani ya dakika tatu hivi, na kufuli linaachiwa lenyewe. Na swichi ya mtandao iwekwe kwenye UPS pamoja na seva. Swichi ikizimika seva ikiwa hai, makeshia wote wanakuwa wafu kwa pamoja.

Chanzo cha pili cha kungoja ni programu yenyewe. Kama muamala unaanza keshia anapofungua fomu na unathibitishwa anapobonyeza kitufe, basi anayekwenda kunywa chai anaondoka na kufuli mfukoni. Mwambie aliyeandika programu aanze muamala baada ya kitufe, si kabla. Nimebishana na waandishi wa programu juu ya hili kuliko jambo jingine lolote, na sijawahi kujuta.

Namba 40001 ni tofauti: wawili wamekamatana, kila mmoja anangoja cha mwenzake. Derby huanza kulichunguza hilo baada ya sekunde 20 za kungoja, na mmoja anatolewa kafara. Programu irudie muamala. `derby.locks.deadlockTrace` uliyoiwasha itaandika kwenye `derby.log` nani alikamatana na nani. Kama ni majedwali yaleyale kila mara, tafuta sehemu mbili za programu zinazoyagusa kwa mpangilio tofauti, uzilinganishe.

Ripoti ya mwisho wa mwezi nayo hujitokeza hapa. Muamala mmoja ukikusanya zaidi ya kufuli 5000 za mistari kwenye jedwali, Derby inaweza kuzibadilisha kuwa kufuli moja la jedwali zima. Kazi inayobadilisha akaunti zote, kama kuongeza riba, ifanywe ofisi ikiwa imefungwa.

Bakapu

Kunakili folda ya databesi kwenye flashi wakati seva inakimbia si bakapu. Nililijua hili kwa uchungu, kwenye sako moja niliyoitwa baada ya diski kufa: flashi ilikuwa na nakala ya kila Ijumaa, zote zimenakiliwa katikati ya kazi, na iliyo mpya kuliko zote haikufunguka. Wanachama waliitwa mmoja mmoja na vitabu vyao vya akiba.

Derby ina amri yake, na haiwasimamishi makeshia:

```
#!/bin/sh
SIKU=$(date +%u)
NYWILA=$(cat /etc/derby/nywila)
java -jar /opt/derby/lib/derbyrun.jar ij > /bakapu/derby/mwisho.log 2>&1 <<MWISHO
connect 'jdbc:derby://192.168.1.10:1527/sako;user=mkuu;password=$NYWILA';
CALL SYSCS_UTIL.SYSCS_BACKUP_DATABASE('/bakapu/derby/$SIKU');
exit;
MWISHO
if grep -q ERROR /bakapu/derby/mwisho.log; then exit 1; fi
```

Iweke kwenye cron (ratiba ya kazi ya Linux) ya mtumiaji `derby`, saa moja jioni, yaani 19 kwa saa ya kompyuta. `date +%u` inatoa namba ya siku, 1 hadi 7, kwa hiyo unapata folda saba zinazojizungusha. Wiki ijayo Derby inaisogeza nakala ya zamani pembeni, inaandika mpya, na ikifaulu ndipo inaifuta ile ya zamani. Mstari wa `grep` upo kwa sababu `ij` humaliza kwa amani hata SQL ikishindwa. Bila kuangalia, utakuwa na miezi ya bakapu ambazo hazikufanyika. Na njia unayoandika ni ya seva, si ya kompyuta uliyokalia.

Kutoka hapo, nakili folda hizo kwenye diski nyingine inayotoka jengo lile. Zikikaa chumba kimoja na seva, mwizi mmoja anabeba vyote.

Kama kupoteza kazi ya siku nzima hakukubaliki, tumia `SYSCS_BACKUP_DATABASE_AND_ENABLE_LOG_ARCHIVE_MODE('/bakapu/derby/$SIKU', 1)` badala yake. Derby itaanza kuzitunza logi zote tangu bakapu ile, na ukirudisha kwa `rollForwardRecoveryFrom` itafika hadi muamala wa mwisho, mradi folda ya `log` imesalimika. Ile 1 inafuta logi za kabla ya bakapu mpya. Ukiweka 0 na ukasahau, diski itajaa.

Kisha jaribu kurudisha. Kila mwezi, kwenye kompyuta nyingine yenye Derby na folda tupu:

```
java -Dderby.system.home=/tmp/jaribio -jar derbyrun.jar ij
connect 'jdbc:derby:sako;createFrom=/media/diski/3/sako;user=mkuu;password=NywilaNdefu';
SELECT COUNT(*), MAX(tarehe) FROM sako.miamala;
VALUES SYSCS_UTIL.SYSCS_CHECK_TABLE('SAKO', 'MIAMALA');
```

Jibu la mwisho likiwa 1, jedwali na faharasa zake zinakubaliana. Linganisha idadi na tarehe na seva ya kazi. Mimi hufanya hivi mbele ya meneja, kwa sababu anastahili kuona kwa macho yake kwamba akiba zinarudi.

Kazi ndogo za kila mwezi

Soma `derby.log`. Angalia nafasi ya diski. Jedwali lililofutwa mistari mingi halirudishi nafasi lenyewe, kwa hiyo baada ya kuhamisha miamala ya zamani endesha `CALL SYSCS_UTIL.SYSCS_COMPRESS_TABLE('SAKO', 'MIAMALA', 1)` ofisi ikiwa imefungwa, maana inafunga jedwali zima. Swali lililokuwa la haraka likianza kusuasua, jaribu kwanza `SYSCS_UPDATE_STATISTICS('SAKO', 'MIAMALA', NULL)` kabla ya kulaumu mashine.

Ukipandisha toleo la Derby, databesi ya zamani inafunguka bila kubadilishwa. Ukiongeza `;upgrade=true` inabadilishwa moja kwa moja, na toleo la zamani halitaifungua tena. Bakapu kwanza.

Kujiandaa kuhama

Usisubiri mwaka wa kuhama ufike. Toa muundo wote leo, uuone ulivyo:

```
java -jar /opt/derby/lib/derbyrun.jar dblook \
  -d 'jdbc:derby://192.168.1.10:1527/sako;user=mkuu;password=NywilaNdefu' -o muundo.sql
```

Na data, jedwali kwa jedwali:

```
CALL SYSCS_UTIL.SYSCS_EXPORT_TABLE('SAKO', 'WANACHAMA',
  '/bakapu/derby/wanachama.csv', NULL, NULL, 'UTF-8');
```

Faili litatokea kwenye seva, na kama lipo tayari amri inakataa, kwa hiyo futa la zamani kwanza. Mafaili haya ni majina na akiba za watu katika maandishi ya wazi. Ukimaliza kuyapakia kwenye databesi ya majaribio, yafute. SQL ya Derby inafuata kanuni za kawaida, na kwa uzoefu wangu kinachosumbua si majedwali bali maswali yaliyozikwa ndani ya programu, hasa yale yanayoita `SYSCS_UTIL`. Yatafute kwenye msimbo, yaorodheshe, na umpe aliyeandika programu orodha hiyo pamoja na `muundo.sql`.